Stesheni ya Masasi na Reli Iliyong'olewa

Tunapoutaja urithi wa taifa letu, fikra za wengi huelekea Kilwa Kisiwani, Bagamoyo, Kondoa na Bonde la Olduvai. Mahali hapo panastahili heshima hiyo. Lakini upo urithi mwingine usio na fahari, ambao haukujengwa na masultani wala haukuchimbuliwa na wataalamu wa mambo ya kale. Ni urithi wa mambo ya juzi tu: ghala la chama cha ushirika, kiwanja cha mnada, kisima cha kijiji, stesheni ya reli. Vitu hivi ndivyo vilivyobadili maisha ya babu zetu na baba zetu kwa namna waliyoiona kwa macho yao, na ndivyo vinavyosahauliwa upesi kuliko vyote.

Makala haya yanahusu stesheni moja ya namna hiyo. Iko kusini mwa Tanzania, katika nchi iliyo baina ya miamba ya Masasi na ukingo wa Uwanda wa Makonde. Mtu akisimama Chiungutwa leo, katika njia ya watu waendao Masasi na Newala, hasikii mlio wa gari moshi, na kijana wa hapo akiambiwa kwamba nchi yake iliwahi kuwa na reli anaweza kudhani anataniwa. Chiungutwa yenyewe haikuwa na stesheni. Stesheni iliyowahudumia watu wa upande huo ilikuwa Masasi, mwisho wa tawi la Reli ya Jimbo la Kusini. Njia hiyo ilijengwa, ikatumika na ikang'olewa yote katika muda usiozidi miaka 16 hivi. Ni vitu vichache sana vya ukubwa ule vilivyozaliwa na kufa kwa haraka kiasi hicho katika historia ya nchi yetu, na sababu za kuzaliwa na kufa kwake zina mafunzo ambayo hayajapitwa na wakati.

Njia kabla ya reli

Haifai kudhani kwamba nchi hiyo ilikuwa imelala mpaka reli ilipoiamsha. Kabla ya wakoloni, misafara ya Wayao ilikuwa ikipita kutoka nchi za Ziwa Nyasa kuelekea Kilwa, Lindi na Mikindani, ikipeleka pembe za ndovu, tumbaku na, kwa masikitiko, watu waliotekwa utumwani. Mwaka 1866 David Livingstone alianzia Mikindani safari yake ya mwisho ya kuingia bara. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watu waliokombolewa kutoka utumwani, akakusudia kuwarudisha katika nchi za Nyasa. Wengi wao wakaishia Masasi, wakaanzisha kijiji ambacho kimekuwa mji wa leo. Kwa hiyo Masasi ilianza kama kituo cha watu waliokuwa safarini, na katika karne iliyofuata iliendelea kuwa mahali pa kupumzika, pa kushusha mizigo na pa kubadili njia.

Wadachi walipoitawala nchi, walianza reli ya kwanza Tanga mwaka 1893, kisha wakajenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, iliyofika Ziwa Tanganyika mwaka 1914. Kusini walipapimia kwa macho tu. Mwaka 1905 msafara ulioongozwa na Paul Fuchs ulipita kuchunguza kama reli ya kutoka pwani ya kusini mpaka Ziwa Nyasa ingeweza kulipa. Mwaka huohuo Vita vya Maji Maji vikalipuka, na nchi ambayo mabepari walikuwa wakiihesabia mavuno ikawa nchi ya moto, njaa na makaburi. Reli hiyo haikujengwa.

Vita Kuu ya Kwanza ndivyo vilivyoleta vyuma vya kwanza. Mwezi Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza na ya Wadachi yalipambana Mahiwa, katika bonde la mto Lukuledi, katika mojawapo ya mapigano makali kuliko yote yaliyotokea Afrika Mashariki. Jeshi linahitaji chakula na risasi kila siku, na migongo ya wapagazi, ambao walikufa kwa maelfu, haikutosha. Ikawekwa reli nyembamba ya toroli kutoka Mingoyo, karibu na Lindi, kuelekea bara kufuata bonde hilo. Baada ya vita iliendelea kutumika kwa muda, kisha ikaachwa. Watu wa kusini, basi, walikwisha kuonja jambo ambalo lingewapata tena baada ya miaka 30: kuletewa reli kwa haja ya wengine, na kuondolewa reli haja hiyo ilipokwisha.

Karanga na hesabu za London

Reli kubwa ililetwa na karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa Kampuni ya United Africa, alitoa wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa mashine, juu ya mapori yaliyodhaniwa kuwa hayana watu wala kazi. Ujumbe ukiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa muda wa majuma machache tu na kurudi na jibu la kutia moyo. Mapema mwaka 1947 serikali ya Uingereza ikatangaza mpango wake: ekari 3,210,000 zilimwe katika mashamba 107, kila shamba likiwa na ekari 30,000. Mashamba 80 yawe Tanganyika, 17 Kenya, na 10 Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni zipatazo milioni 25.

Kati ya mashamba hayo 107, mashamba 55 yaliwekwa Jimbo la Kusini. Yaani zaidi ya nusu ya mpango wote, ekari 1,650,000, ilikuwa iangukie nchi ambayo haikuwa na bandari ya maji makuu wala reli. Hapo ndipo hesabu ya reli ilipotoka. Haikutoka kwa mkulima wa mtama na muhogo wa Masasi, wala kwa mfanyabiashara wa Newala, wala kwa mzazi wa Chiungutwa aliyetaka mwanawe afike shule. Ilitoka kwenye karatasi iliyosema kwamba tani nyingi mno za karanga zitahitaji kuteremshwa pwani kila mwaka, na kwamba malori peke yake hayataziweza. Karatasi ile ikikubaliwa, reli ni jambo la lazima. Ikikataliwa, reli haina msingi.

Kazi haikuanza kusini. Ilianza Kongwa, katika Jimbo la Kati, kwa sababu Kongwa ilikuwa karibu na Reli ya Kati. Huko mipango iligongana na ukweli. Mibuyu na vichaka vilivunja matrekta yaliyonunuliwa kutoka kwenye mabaki ya vita, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua zilichelewa. Mwaka 1947 ilikusudiwa kulima ekari 150,000, lakini zilizopatikana zilikuwa karibu 7,500 tu. Mwishoni mwa mwaka huo wafanyakazi waligoma, katika wimbi la migomo lililoanzia kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam na kupanda pamoja na njia ya reli. Mwaka 1948 mradi ulikabidhiwa kwa Shirika la Chakula la Ng'ambo. Wakubwa wa mradi walipoona Kongwa inawashinda, waliigeukia Nachingwea kwa matumaini mapya, maana mvua za kusini zilikuwa za kuaminika zaidi. Lakini Nachingwea haifikiki bila njia ya kupitisha mizigo.

Kuwekwa kwa njia

Ujenzi ulianzia Mkwaya, katika hori la Lindi, ambako vyombo vya wastani vingeweza kushusha vyuma. Kutoka hapo njia ilifuata nchi ya bonde la Lukuledi kuelekea magharibi, ikapita Ruo, na mwaka 1949 ikafika Nachingwea. Ilikuwa reli ya upana wa mita 1, sawa na reli nyingine za Tanganyika, ingawa haikuungana na yoyote kati ya hizo. Tangu mwaka 1948 reli zote za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya mamlaka moja, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Reli ya kusini ikawa mtoto wa nyumba hiyo anayeishi peke yake ng'ambo ya mto: kila injini na kila behewa lililohitaji matengenezo makubwa ilibidi lisafirishwe kwa bahari.

Mkwaya palikuwa pa muda tu. Bandari ya kudumu ilichaguliwa kuwa Mtwara, karibu na Mikindani, kwenye ghuba yenye kina kirefu na iliyokingwa na mawimbi. Mji mpya ukapimwa, barabara pana zikachorwa, gati likajengwa, na njia ya reli ikawekwa kutoka Mtwara kuungana na ile ya kwanza pale Ruo. Bandari na njia hiyo vilifunguliwa mwaka 1954. Kutoka Mtwara mpaka Nachingwea ilikuwa safari ya kiasi cha kilomita 200.

Lakini kabla gati halijakamilika, aliyelijengewa alikwisha kufa. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mradi mkubwa wa karanga umekwisha, na pauni milioni 36 na nusu zikafutwa katika vitabu vya hesabu. Mashamba yaliyosalia Nachingwea, Kongwa na Urambo yaligeuzwa kuwa majaribio madogo madogo ya kilimo, na baadaye yakapewa Shirika la Kilimo la Tanganyika. Kwa hiyo reli iliyofunguliwa Mtwara mwaka 1954 ilikuwa kama sufuria ya karamu iliyoletwa baada ya harusi kuvunjika. Swali likawa: ipikiwe nini?

Tawi la Masasi

Jibu mojawapo lilikuwa Masasi. Ikiwa karanga za mashamba makubwa hazipo, basi reli iyafuate mazao ya wakulima wadogo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 tawi lilitolewa Chilungula, katika njia ya Nachingwea, likaelekezwa kusini hadi Masasi. Kipande hiki ndicho kilichokuwa na maana ya kipekee katika habari nzima. Njia kuu ilijengwa kwa ajili ya shirika la kigeni. Tawi la Masasi lilijengwa, hata kama ni kwa kuchelewa na kwa shingo upande, kwa kuwafikiria watu waliokuwa wakiishi pale. Wilaya za Masasi na Newala zilikuwa na watu wengi. Zilikuwa na muhogo, ufuta, karanga zilizolimwa kwa jembe la mkono, na mikorosho iliyokuwa ikipandwa kwa wingi zaidi kila mwaka.

Inafaa kuuelewa umbo la nchi ili kuelewa kwa nini njia ilipita ilikopita. Uwanda wa Makonde unainuka polepole kutoka upande wa bahari hadi karibu mita 900 kwenye ukingo wake wa magharibi, karibu na Newala, kisha unakatika ghafla kwa mteremko mkali. Gari moshi haliwezi kupanda ukuta wa namna hiyo; linataka mwinuko mdogo na kona pana. Kwa sababu hiyo wapimaji waliuzunguka Uwanda kwa upande wa kaskazini. Newala, yenye watu wengi kuliko Nachingwea ya mapori, ikabaki juu bila reli. Wakulima wa Uwanda walipaswa kuteremka na mizigo yao kwa miguu, kwa baiskeli au kwa malori ya wafanyabiashara, na vijiji vya chini ya ukingo, kama Chiungutwa, vikawa baina ya mlima usiofikiwa na reli na mji uliofikiwa nayo.

Stesheni ndogo ya mwisho wa njia, kama zilivyokuwa stesheni nyingi za shirika lile, haikuwa jumba la fahari. Msingi wake ni tuta lililosawazishwa, njia mbili au tatu zinazowezesha injini kugeuza upande na kushika mabehewa kwa mbele, ghala la mizigo, mizani, dirisha la tiketi, nyumba za wafanyakazi, na tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo. Tangi hilo halikuwa jambo dogo. Injini ya mvuke hunywa maji kuliko ng'ombe wa kijiji kizima, na nchi ya Masasi na Newala inajulikana kwa shida yake ya maji. Juu ya Uwanda akina mama walikuwa wakitembea saa nyingi kushuka mabondeni na kupanda tena na mitungi vichwani, na ni katika miaka ya 1950 hiyohiyo ndipo mradi wa kupandisha maji kwa mashine hadi juu ya Uwanda wa Makonde ulipoanzishwa. Hivyo katika muongo mmoja nchi hiyo ilipata vitu viwili vikubwa, bomba na reli. Cha kwanza, pamoja na taabu zake nyingi, kiliendelezwa. Cha pili kilitupwa. Tutaona sababu yake.

Stesheni pia ilileta namna mpya ya kuhesabu wakati. Msafara wa zamani uliondoka watu walipokuwa tayari, na jahazi liliondoka upepo ulipokubali. Gari moshi liliondoka kwa saa iliyoandikwa kwenye karatasi. Mkulima aliyefika na mzigo wake baada ya saa hiyo hakuwa na wa kumlaumu. Kazi nazo zilipangwa kwa ngazi za kikoloni: katika reli zote za Afrika Mashariki Wazungu walishika uongozi, Waasia walishika ukarani na ustesheni masta kwa sehemu kubwa, na Waafrika walisukuma, walibeba, walipiga nyundo, walichochea moto na kupunga bendera. Hata hivyo, katika shirika hilohilo Waafrika walijifunza umoja wa wafanyakazi, na vyama vya wafanyakazi wa reli na bandari vilikuwa miongoni mwa nguzo za kupigania uhuru. Tuta la reli lilikuwa shule ya namna yake, ingawa mwalimu hakukusudia kufundisha somo hilo.

Kufungwa

Uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, Reli ya Kusini ilikuwa ikiendeshwa kwa hasara. Mizigo ilikuwa michache na ya msimu: behewa lililoteremka na mazao miezi michache lilikaa tupu miezi mingine. Malori yalishindana nayo, maana lori huufuata mzigo mlangoni mwa ghala na halihitaji kupakua na kupakia mara mbili. Wafanyabiashara wengi walikuwa na mazoea na Lindi, si Mtwara. Isitoshe, kwa kuwa njia hii haikuungana na Reli ya Kati, haikuweza kupokea hata behewa moja la mizigo ya kupita kutoka sehemu nyingine. Njia ambayo haiendi popote isipokuwa mwanzo wake na mwisho wake hutegemea mwanzo na mwisho huo tu.

Mwaka 1962 reli ikafungwa, na baada ya hapo vyuma vyake vikang'olewa. Stesheni ya Masasi ilikuwa haijatimiza hata miaka mitano hivi ya kazi.

Je, uamuzi huo ulikuwa sahihi? Hapa wanaofikiri hugawanyika, na inafaa kuzisikiliza pande zote mbili kwa haki. Upande mmoja husema hivi: taifa changa, lenye fedha kidogo na maadui watatu waliotajwa na Mwalimu Nyerere, yaani ujinga, maradhi na umaskini, lisingeweza kuendelea kulisha njia iliyozaliwa na kosa la Waingereza. Kila shilingi iliyozibia pengo la reli ile ilikuwa shilingi iliyoondolewa shuleni au zahanati. Tena uamuzi haukuwa wa Tanganyika peke yake. Shirika la reli lilikuwa la nchi tatu, na Kenya na Uganda hazikuwa na sababu ya kuchangia hasara ya Nachingwea. Hoja hii ina nguvu, na anayeipuuza hatendi haki.

Upande wa pili hujibu kwamba hesabu ilifanywa mapema mno, na kwa kipimo kibaya. Mkorosho huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa sawasawa. Mikorosho iliyopandwa kwa wingi kusini katika miaka ya 1950 na 1960 ilianza kuzaa kikamilifu baada ya reli kuondolewa. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kiasi cha tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ya mavuno hayo ilitoka wilaya zilezile za Masasi, Newala na jirani zake. Mzigo uliotafutwa kwa tochi mwaka 1962 ulifika baadaye ukakuta stesheni haina reli. Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii.

Kwa maoni yangu, ukweli uko katika tofauti kati ya kufunga na kung'oa. Kusimamisha magari yasiyo na mizigo ni jambo la busara. Kung'oa vyuma ni kuamua kwa niaba ya watoto ambao hawajazaliwa kwamba hawatahitaji njia. Bomba la maji la Uwanda nalo halikuwa likileta faida ya fedha. Lakini hakuna aliyethubutu kulipima kwa faida, kwa kuwa kila mtu alijua kiu ni nini. Reli ilipimwa kwa tani kwa sababu ilizaliwa kwa tani. Kilichojengwa kwa haja ya watu hutetewa na watu; kilichojengwa kwa haja ya mgeni hufa mgeni anapoondoka, hata kama wenyeji wamekwisha kuanza kukitegemea. Ile kazi ya kukigeuza kitu cha mgeni kiwe cha wenyeji ilikuwa imeanza tu na tawi la Masasi, ikakatizwa.

Baada ya reli

Kusini ililipa gharama ya uamuzi huo kwa muda mrefu. Nchi haikuwa na barabara ya lami ya kuaminika kwenda Dar es Salaam, na kwenye mto Rufiji abiria walingoja kivuko, wakati mwingine kwa siku nyingi wakati wa mafuriko, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Mtwara ilikuwa na ghuba nzuri kuliko nyingi za pwani yetu, lakini bandari isiyo na njia nzuri ya kwenda bara ni mlango wa nyumba usio na ukumbi.

Hata hivyo, mabaki ya mradi ule hayakukosa kazi kabisa, na mengine yalipata kazi ambayo waasisi wake wasingeiota. Mwaka 1965 wapigania uhuru wa FRELIMO walipewa eneo la mafunzo Nachingwea, kwenye mashamba yaliyokuwa yamefyekwa kwa ajili ya karanga. Ardhi iliyosafishwa ili kuishibisha Uingereza ikawa kambi ya kuikomboa Msumbiji. Makuzi na mafunzo ya jeshi hilo yalikuwa na sehemu katika ushindi wa mwaka 1975. Watu wa Masasi na Newala, wenye ndugu zao ng'ambo ya mto Ruvuma, wanalijua vyema jambo hilo; wao walikuwa mstari wa mbele wa vita ambavyo taifa lote lilivitegemeza.

Leo kuna barabara za lami zinazounganisha Mtwara, Masasi, Tunduru na Songea. Katika miaka ya 2020 malori mengi yamekuwa yakipita Masasi yakiwa na makaa ya mawe kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara, pamoja na korosho za msimu. Mpango wa reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, umekuwa ukitajwa kwa miaka mingi katika mipango ya maendeleo ya taifa, ukihusishwa na makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Ni wazo lilelile aliloliendea Paul Fuchs mwaka 1905. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi mwenye akili hulitazama kwanza koleo lililovunjika ajue lilivunjikia wapi. Reli ya kwanza ilivunjikia mahali pawili: ilitegemea zao moja ambalo halikuwapo, na iliishia njiani badala ya kufika ziwani au kuungana na nyingine. Reli mpya itakayotegemea mzigo mmoja tu, hata kama mzigo huo ni makaa badala ya karanga, itakuwa imelisoma jina la mwalimu na kulisahau somo.

Kulinda kumbukumbu

Kufungwa kwa reli kulitokea mwaka uleule ambao Mwalimu Nyerere, alipoapishwa kuwa Rais mwezi Desemba 1962, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisema kwamba taifa lisilo na utamaduni wake halina roho. Wakati huo ilieleweka kwamba utamaduni ni ngoma, lugha, hadithi na sanaa zilizodharauliwa na wakoloni. Hakuna aliyefikiri kwamba stesheni iliyojengwa na wakoloni wenyewe inaweza kuwa sehemu ya roho hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. La karibu zaidi hulindwa tu likitangazwa. Stesheni ya miaka ya 1950 haimo.

Lakini tunapaswa kujiuliza ni nani hasa aliyeijenga. Hesabu ilitoka London, na vyuma vilitoka ng'ambo. Mikono iliyofyeka, iliyochimba makato, iliyobeba mataruma na kumwaga kokoto ilikuwa mikono ya watu wa nchi hii na ya ndugu zao kutoka Msumbiji. Tuta ni kazi yao. Na tuta halifi upesi: mahali ambapo njia imesawazishwa, ikapinda kwa kona pana, ikavuka kijito kwa karavati la zege, jicho lililozoea hutambua kwamba hapo palipita reli hata kama majani yameota. Anayetembea juu yake hutembea juu ya jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa katika taarifa yoyote.

Kwa hiyo iko kazi ya kufanywa, nayo haitaki fedha nyingi. Walimu wa Masasi, Chiungutwa, Nachingwea na Newala waweza kuwatuma wanafunzi wao kwa wazee kuuliza: nani alifanya kazi relini, alilipwa nini, alisafirisha nini, alihisi nini siku magari yaliposimama. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1962 amekwisha kupita umri wa miaka 80. Yeye ni maktaba ambayo haiwezi kungoja kupangiwa bajeti. Maofisa utamaduni waweza kupima na kuchora mabaki yaliyopo kabla hayajachukuliwa kwa kujengea. Na patakapowekwa jiwe la msingi la reli mpya, kama litawekwa, itafaa liwekwe karibu na tuta la zamani, ili wajenzi walione kila asubuhi waendapo kazini.